Duka na Kipupwe: Namna ya Kujitayarisha Kabla ya Baridi

Wenyeji wa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya hawana haja ya kufundishwa maana ya baridi. Lakini kuijua baridi ni jambo moja, na kujua kuendesha duka wakati wa baridi ni jambo jingine. Wako wenye maduka wanaongoja mpaka wateja waanze kuuliza mablanketi, ndipo wafunge safari ya kwenda kununua. Wako na wengine wanaojaza mablanketi mpaka hawana tena fedha ya sukari na sabuni. Tena wako wanaotaka kumpendeza mteja kwa jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, kumbe wamemwekea sumu. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza jambo hili kwa utaratibu, ili wazee wa vijiji, walimu, na kila mwenye duka dogo au mgahawa wapate kulifikiri mapema, nao wajuao kusoma wawasomee wasiojua.

SABABU YA BARIDI

Mtu aweza kuuliza: Jua ni lile lile, na nchi ni moja, mbona Dar es Salaam watu hutoka jasho wakati wa Njombe watu hutetemeka? Sababu ziko tatu.

Ya kwanza ni kimo cha nchi. Kadiri mtu apandavyo juu ndivyo hewa ipoavyo, na kipimo chake ni karibu digrii 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Basi kwa kimo peke yake baridi yake huzidi ya pwani kwa digrii 12 hivi. Uwanda wa Kitulo huko Makete uko juu zaidi, karibu mita 2,600, na huko jalidi, yaani umande ulioganda, huonekana juu ya majani asubuhi.

Ya pili ni safari ya jua. Mnamo tarehe 21 Juni jua huwa limefika mwisho wa safari yake upande wa kaskazini, mbali na nchi yetu. Mchana huwa mfupi, na huko Njombe jua huchomoza inapokaribia saa 1 ya asubuhi. Wakati huo huo nchi zilizo kusini mwa Afrika zimo katika majira yao ya baridi, na upepo wa kusi hutuletea ubaridi wa pande hizo pamoja na ukungu na manyunyu.

Ya tatu ni usiku usio na mawingu. Mawingu ni kama blanketi la nchi. Yakiondoka, joto lililoingia ardhini mchana hupaa na kupotea. Hewa iliyopoa ni nzito, nayo hutiririka kama maji kutoka vilimani na kutuama mabondeni. Ndiyo maana duka lililojengwa bondeni huwa na baridi kuliko lile lililo mlimani kidogo, ijapokuwa yote mawili ni ya kijiji kimoja.

Tumeyaeleza haya kwa kuwa mtu ajuaye sababu ya baridi hujua pia wakati wa kuingoja na mahali pa kuikinga. Baridi ya kipupwe si mgeni wa ghafula. Huja Juni, huzidi Julai, na huanza kupungua mwishoni mwa Agosti. Basi mwenye duka anayeanza kujitayarisha mwezi wa Juni amekwisha kuchelewa.

FEDHA NDIYO KITU CHA KUTAYARISHA KWANZA

Tuseme wako wenye maduka wawili, na kila mmoja ana mtaji wa shilingi 1,000,000. Wa kwanza huenda mjini mwezi wa Mei akanunua mablanketi 40, kila moja shilingi 20,000. Ametumia shilingi 800,000, na kwa bidhaa nyingine zote amebakiwa na shilingi 200,000 tu. Mpaka mwisho wa Agosti ameuza mablanketi 25 kwa shilingi 25,000 kila moja. Faida yake ni shilingi 125,000. Lakini mablanketi 15, yaani shilingi 300,000, yamelala juu ya rafu mpaka mwaka ujao, na panya wanayajua. Tena kwa miezi mitatu wateja wake walikuwa wakiambiwa kila mara, “Sukari imekwisha, chumvi imekwisha,” nao wakazoea njia ya kwenda duka la jirani.

Wa pili amenunua mablanketi 15 tu, kwa shilingi 300,000. Yalipokaribia kwisha mwezi wa Julai alitumia fedha zile zile za mauzo kununua mengine 10. Yeye naye ameuza 25, na faida yake katika mablanketi ni ile ile shilingi 125,000. Lakini shilingi 700,000 za mtaji wake zilikuwa zikizunguka wakati wote katika sukari, majani ya chai, sabuni, chumvi na mafuta, na kila zilipozunguka zilileta kitu. Mwezi wa Septemba hana blanketi hata moja lililolala, na fedha yake i tayari kwa mbegu na mbolea ambazo wakulima watazitaka kabla ya mvua.

Neno la mfano huu ni hili: vitu vya baridi vina majira yake, na majira hayo ni mafupi, lakini chumvi na sabuni hazina majira. Mwenye duka asiache cha kila siku kwa kufuata cha miezi mitatu. Njia njema ni kufungua daftari sasa, kuandika kila kitu kinachoulizwa na wateja wakati wa baridi, hata kile ambacho hakimo dukani, na mwaka ujao kununua kwa kufuata daftari wala si kwa kufuata ndoto.

Vitu vinavyoulizwa kwa kawaida ni mablanketi, masweta, soksi nzito, kofia za sufu, glavu za waendesha pikipiki, mafuta ya mgando ya kupaka midomo na miguu iliyopasuka, tangawizi, majani ya chai, na chupa za kuhifadhia chai ya moto. Kwa wauzao mitumba, yafaa kutafuta robota la nguo nzito mapema, kabla watu wote hawajalitafuta kwa juma moja na bei kupanda.

BARIDI HUGEUZA BIDHAA

Mteja hurudisha bidhaa akidhani amedanganywa, kumbe ni baridi iliyoigeuza. Mwenye duka asiyejua sababu hugombana naye. Ajuaye humweleza, na mteja huondoka ameridhika. Wazee walisema kwamba biashara haigombi.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na mafuta ya mawese nayo huganda. Hayajaharibika. Dawa yake ni kukitia chombo ndani ya maji ya moto kiasi mpaka yayeyuke, wala si kukiweka juu ya moto. Mafuta ya alizeti hayagandi kwa baridi ya nchi yetu. Kwa hiyo mwenye duka wa nchi za juu afanya vizuri kuwa nayo wakati wa kipupwe, kwani hupimika upesi asubuhi, wakati mteja anaposimama mlangoni akitetemeka.

Asali nayo hubadilika ikawa punje punje kama sukari. Watu wengi husema, “Mwuzaji ametia sukari.” Sivyo. Asali safi hufanya hivyo yenyewe, na hasa katika baridi ya digrii 10 hadi 15. Ikitiwa katika maji ya vuguvugu itarudi kuwa laini. Lakini ikichemshwa itapoteza harufu na ladha yake.

Mitungi ya gesi ya kupikia huleta ugomvi mwingi. Ndani ya mtungi gesi imeshindiliwa mpaka ikawa maji, na ili iwake sharti igeuke hewa tena. Baridi huizuia kugeuka upesi. Kwa hiyo asubuhi moto huwa dhaifu, na mteja husema mtungi ulikuwa nusu. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Mwenye duka awe na mizani, aupime mbele ya mteja, aondoe uzito wa mtungi mtupu, na kinachobaki ndicho gesi. Lakini mtu yeyote asithubutu kuupasha mtungi joto kwa moto au kwa makaa, kwa maana waweza kupasuka na kuua. Mitungi ihifadhiwe mahali penye kivuli na hewa nyingi, si ndani ya chumba cha kulala.

Betri za simu hupungukiwa nguvu katika baridi. Wakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu aitie simu yake katika mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, isije ikazimika wakati mteja anangoja fedha yake.

UNYEVU NI MWIZI

Ukungu wa kipupwe huingia dukani bila kubisha. Sukari na chumvi hunywa unyevu zikashikamana. Viberiti hukataa kuwaka. Saruji huwa mawe ndani ya mfuko. Mifuko ya saruji ipangwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na iliyokuja kwanza iuzwe kwanza. Sukari na chumvi zitiwe katika ndoo zenye vifuniko vinavyobana.

Tena liko jambo la bati. Watu wanapokuwa ndani, pumzi zao na mvuke wa chai hupanda juu. Mvuke ukigusa bati lililopozwa na usiku hugeuka maji, na alfajiri matone huanguka juu ya unga na vitabu vya shule kana kwamba mvua imenyesha. Mwenye duka hupanda juu akatafuta tundu asilione. Dawa yake ni dari. Mianzi ni mingi katika nchi hizo, na dari ya mianzi iliyofumwa vizuri si ghali. Huzuia matone, na tena hushika joto. Asiye na dari atandaze turubai juu ya bidhaa kila jioni.

Maduka mengi hupokea mahindi mapya kwa malipo, kwa kuwa mavuno ya nchi za juu huangukia majira haya. Mahindi mabichi yakifungwa ndani ya gunia huota ukungu wenye sumu. Iko njia rahisi ya kuyapima. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha kujaza robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyo kavu kabisa, funga, kisha tikisa kwa dakika chache na uiache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi hayajakauka, yarudishwe juani. Ikianguka chini yote, yaweza kutiwa ghalani. Waalimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani, nao watalichukua nyumbani.

NYUMBA YA DUKA NA MGAHAWA

Wakati wa kipupwe jua hupita upande wa kaskazini, nao upepo wa kusi hutoka kusini na mashariki. Basi anayejenga nyumba mpya aweke mlango na dirisha kubwa upande wa kaskazini, na ukuta mzima upande wa kusini. Jua litaingia dukani bure, na upepo utagonga ukuta. Aliyekwisha kujenga aweza kupanda ua wa miti, au kusimamisha kizuizi cha mianzi upande wa upepo. Ubao wa kukanyaga, au mkeka mzito, uwekwe mbele ya meza ya kuuzia, kwa kuwa sakafu ya saruji huvuta joto la miguu. Mabao ya kukalia wateja yaondolewe kwenye njia ya upepo.

Mwenye mgahawa ajue pia tabia ya hamira. Hamira ina uhai, na baridi huilaza. Unga wa maandazi unaoumuka kwa saa moja huko pwani waweza kutaka saa mbili au tatu katika asubuhi ya Julai. Ukandwe kwa maji ya vuguvugu ambayo kidole chavumilia bila shida. Yakiwa ya moto sana huua hamira kabisa. Au ukandwe jioni na kufunikwa kwa nguo nzito, uwe tayari alfajiri. Kwa njia hii msafiri wa basi la kwanza hupata andazi la moto, wala haambiwi “Bado.”

Kuni nazo zipasuliwe na kupangwa chini ya paa mapema. Ukuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake kabla ya kumpikia mtu, na hutoa moshi unaofukuza wateja.

HEWA IUAYO

Sasa twafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote tuliyoyasema, na twaomba kila msomaji alisome mara mbili.

Mkaa unapowaka hutoa hewa moja iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Mtu akiivuta huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, ile hewa njema inayotutia uhai, nayo huishikilia damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi mtu hupumua, kifua chake chapanda na kushuka, lakini mwili wake wakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kulegea. Aliye macho aweza kudhani ni uchovu au homa. Aliyelala hazioni dalili hizo. Hupita kutoka usingizini hadi mautini bila kugeuka.

Watu wengi hudhani kwamba jiko likiwashwa nje mpaka mkaa uwe mwekundu na moshi uishe, laweza kuingizwa ndani bila hatari. Hilo si kweli. Moshi umekwisha, lakini hewa iuayo bado yatoka, na jicho haliioni. Wengine huweka sufuria ya maji juu ya jiko wakisema maji yataizuia, maji hayaizuii. Injini ya kuzalisha umeme kwa petroli nayo hutoa hewa hiyo hiyo, na haifai kuwekwa ndani wala chini ya dirisha.

Kwa hiyo sheria ya duka na mgahawa iwe hivi. Jiko la mkaa likae barazani au jikoni penye hewa ipitayo, kwa madirisha mawili yanayoelekeana na kuwa wazi. Ndani ya chumba kilichofungwa lisiingie hata kidogo. Mlinzi au kijana anayelala dukani apewe mablanketi mawili na koti, asipewe jiko. Blanketi la pili la mlinzi ni shilingi chache, na uhai wake hauna bei. Mtu akianza kuumwa kichwa penye jiko, atolewe nje upesi kwenye hewa safi pamoja na wote waliomo, na apelekwe hospitali bila kungoja, hata akisema amepata nafuu. Naye anayekwenda kumtoa mwenzake afungue milango na madirisha kwanza, asikae ndani.

Mteja aliyepata joto kwa siku moja katika mgahawa wenye hatari hakupata faida yoyote. Ni heri akae na koti lake na kikombe cha chai ya tangawizi katika chumba chenye hewa, kuliko kustarehe katika chumba kitakachomzika.

KUWAHUDUMIA WATU

Saa za duka zifuate maisha ya watu. Wakati wa kipupwe wengi hawatoki mapema, ila wasafiri na watoto wa shule. Na jioni hurudi nyumbani upesi. Yafaa kuandika saa za kufungua na kufunga juu ya mlango, na kuzishika. Mzee aliyetembea katika ukungu akakuta mlango umefungwa saa iliyoandikwa hatarudi tena.

Wako wazee, wagonjwa na wajawazito wasioweza kutoka siku za baridi kali. Mwenye duka mwenye akili hupokea maagizo yao kwa simu au kwa mtoto aliyetumwa, hufunga vitu vyao jioni, na kumpa kijana avipeleke. Kazi hii ni ndogo, lakini hujenga jina ambalo halinunuliwi.

Juu ya bei twasema hivi. Mwenye duka ana haki ya faida yake. Lakini kupandisha bei ya blanketi usiku ule ambao mtoto wa jirani ana homa ya mapafu ni kuuza jirani yake pamoja na blanketi. Baridi itapita mwezi wa Septemba, na kijiji kitabaki, na watu hawasahau.

UTARATIBU WA MIEZI

Kwa kufupisha, tumepanga kazi hizi kwa miezi yake. Machi: soma daftari la mwaka uliopita na kuhesabu fedha. Aprili: tengeneza dari, ziba nyufa za mlango, na uangalie madirisha ya jikoni yanafunguka. Mei: nunua vitu vya baridi, kidogo kwanza, na kupanga kuni chini ya paa. Juni hadi Agosti: hudumia watu, andika yanayoulizwa, na ongeza bidhaa kwa kadiri zinavyouzwa. Septemba: hesabu kilichobaki, kikaushe juani, kifunge vizuri, na ugeuzie fedha upande wa mbegu.

Wazee wa vijiji waweza kusaidia sana kwa kulitaja jambo la mkaa katika mikutano kabla ya Juni kuingia, na walimu kwa kulifundisha shuleni. Mtu akikosa blanketi dukani leo, atalipata kesho. Lakini aliyelala na jiko katika chumba kilichofungwa huenda asiione kesho.